Kutoka Katika Utaratibu wa Madeni: Uhakiki wa Istilahi za Tafsiri Moja

Imetufikia mezani tafsiri ya mwongozo mfupi uliokusudiwa wakopaji wa Afrika Kusini wanaozungumza Kiswahili. Mwongozo wenyewe unaeleza namna mtu aliyelemewa na madeni, akawekwa chini ya mshauri wa madeni, anavyoweza kutoka katika utaratibu huo na kurudi katika hali ya kuaminiwa na mabenki. Mfasiri hakutajwa, nasi hatuna haja ya kumtafuta. Haja yetu ni maneno aliyoyachagua, madhali neno moja lililokosewa katika karatasi ya namna hii laweza kumgharimu msomaji nyumba yake. Tangu Agosti 2019, nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika zilipokikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya jumuiya hiyo, kazi kama hii yamkini itazidi kuletwa kwa wafasiri wetu.

Kwanza hatuna budi kulieleza jambo lenyewe. Sheria ya Taifa ya Mikopo ya Afrika Kusini, Na. 34 ya 2005, ilimpa mkopaji aliyezidiwa haki ya kumwendea mshauri wa madeni aliyesajiliwa. Mshauri huchunguza mapato na matumizi yake, huwaarifu wadai wote, na akithibitisha kwamba mtu huyo kweli amelemewa, hupendekeza marejesho mapya yaliyo nafuu, ambayo mahakama ya hakimu huweza kuyatia nguvu kwa amri. Katika muda huo mkopaji haruhusiwi kukopa tena, na habari zake huandikwa katika kumbukumbu za mashirika yanayohifadhi taarifa za wakopaji. Mfasiri amesema vema alipotumia "mshauri wa madeni" na "mpango wa marejesho". Amefanya vema zaidi kuliepuka neno "ufilisi", kwani kufilisiwa katika nchi ile kuna sheria yake mbali, ya mwaka 1936.

Kosa la kwanza, nalo ndilo kubwa, ni kitenzi "kujitoa". Mwongozo unasema: "Mkopaji anaweza kujitoa wakati wowote apendapo." Kila mwalimu wa sarufi ajua kwamba kiambishi -ji- humfanya mtenda kuwa ndiye mtendwa: ajitoaye hutoka kwa hiari na uwezo wake mwenyewe. Sheria haisemi hivyo. Ina milango mitatu, na kila mlango una funguo zake. Kabla mshauri hajatoa uamuzi kwamba mkopaji amelemewa, mkopaji aweza kuliondoa ombi lake, akiisha kulipa gharama zilizokwisha kufanyika. Baada ya uamuzi huo, lakini kabla ya amri ya kupanga upya madeni, mshauri hana tena mamlaka ya kumwachia; ni mahakama tu iwezayo kutamka kwamba mtu huyo hakulemewa. Na amri ikishatolewa, haitoshi mkopaji kuonyesha kwamba mshahara wake umepanda. Njia iliyobaki ni kulipa mpaka astahili hati ya kutoka.

Basi kitenzi kimoja hakiwezi kubeba hali tatu. Kwa mlango wa kwanza tunapendekeza "kughairi ombi", maana aghairiye hubadili nia kabla jambo halijafungwa. Kwa mlango wa pili, "kutenguliwa kwa uamuzi", maneno ambayo mawakili wetu wameyazoea, na ambayo kwa umbo lake la kutendwa yanaonyesha kwamba kuna mwingine mwenye mamlaka. Kwa mlango wa tatu, "kukamilisha marejesho". Msomaji aliyeambiwa "jitoe" akiwa mlango wa tatu ataacha kulipa akidhani yu huru, na wadai watakapomjia atakuta amri ingali juu yake.

Kosa la pili ni "cheti cha msamaha wa madeni". Jina hili ni la kupendeza, ila si la kweli. Fomu ya 19, ambayo mshauri anatakiwa kuitoa ndani ya siku saba tangu mkopaji alipotimiza masharti, haimsamehe mtu hata senti. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na sheria hii haikuwakanusha. Yamkini mfasiri alichanganya hati hiyo na tangazo la mwaka 2014, ambalo kuanzia tarehe 1 Aprili lilifuta taarifa mbaya za wakopaji katika kumbukumbu. Lakini hata siku ile kilichofutwa kilikuwa maandishi. Madeni yalibaki palepale.

Wako watakaosema, basi tuite "cheti cha kumaliza madeni". Nalo pia halitoshi. Marekebisho yaliyoanza kutumika Machi 2015 yanamruhusu mkopaji kupewa hati hali angali anadaiwa mkopo wa nyumba, ili mradi madeni mengine yote yamelipwa, mkopo huo hauna malimbikizo, na ameonyesha uwezo wa kuuendeleza. Mtu huyo hajamaliza madeni. Kilichokwisha ni kule kupangiwa. Kwa hiyo tunapendekeza "hati ya ukomo wa upangaji wa madeni", au kwa kifupi "hati ya ukomo". Neno ukomo halimsifu mtu wala halimsamehe; linasema tu kwamba mpaka umefikiwa.

Kosa la tatu ni "kusafisha jina". Tunakiri kwamba usemi huu umeenea mitaani, nasi hatuna chuki na lugha ya mitaani. Ila kinachosafishwa sharti kiwe kilichafuka, na mtu aliyekwenda mwenyewe kwa mshauri, akalipa mwezi kwa mwezi, hakutenda uchafu. Fauka ya hayo, usemi huo unaficha mambo mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni kazi ya shirika la taarifa: likishapokea hati ya ukomo, linawajibika kufuta habari kwamba mtu huyo aliwahi kupangiwa madeni. Hili tuliite "kufutwa kwa kumbukumbu ya upangaji". La pili ni kazi ya mkopaji na wakati: kuonekana tena kuwa mtu wa kukopesheka. Sheria hailazimishi benki yoyote kumkopesha. Kinyume chake, inaiamuru ipime kwanza uwezo wake. Hili tuliite "kurejesha ukopeshekaji". Neno hili ni refu, lakini mzizi wake ni wetu na kila mtu atalifahamu.

Wasomaji wa pwani watatuuliza kwa nini hatukulifufua "wia", kitenzi cha kale kilichotupa mwia na mwiwa. Tulilifikiria. Tuliliacha kwa sababu herufi moja tu inamtenga mdai na mdaiwa, na katika karatasi ya mahakama kosa la chapa lingewabadilishana.

Mambo haya si ya Afrika Kusini peke yake. Kenya ilitunga kanuni za mashirika ya taarifa za wakopaji mwaka 2008, Tanzania mwaka 2012. Sheria za nchi hizi haziko sawa na ile tuliyoieleza, na kwa sababu hiyo mfasiri asihamishe istilahi kabla ya kuuliza kama jambo lenyewe lipo. Lakini mwalimu na karani wa Dodoma au Nakuru naye huulizwa kila siku, "Jina langu litatoka lini?" Kabla ya kumjibu, na amuulize yuko mlango upi.

Tunayatoa mapendekezo haya yajadiliwe. Wenye maneno bora zaidi watuandikie, nasi tutayapima bila kuona haya kuyaacha ya kwetu.