Jini halikosei: kumsoma Bwana Msa kutoka Feri

Siku dagaa wakiadimika pale Soko la Samaki la Feri, utapewa sababu tatu kabla hujafika penye mnada. Madalali wameficha mzigo. Wenye boti wamepatana bei. Na ya tatu, kwa sauti ya chini: kuna mtu kafanya mambo yake baharini. Halafu usiku unatazama juu, mwezi mpevu umetanda. Dagaa huvuliwa kwa taa. Giza likiwa zito hujikusanya chini ya mwanga. Mbalamwezi ikitawala, taa haina kazi, na wavuvi wengi hulaza vyombo. Ndo hivyo tu.

Mazungumzo ya namna hii ndiyo yanayonirudisha kila mara kwa Muhammed Said Abdulla. *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyotoka 1960, inaanza na maiti iliyokutwa mzimuni, yaani mahali ambapo hofu ya watu imeshatoa hukumu kabla ya uchunguzi. Bwana Msa, na kiko chake, anakataa kuanzia hapo. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anafaidika, nani anasema uongo.

Wahakiki wengi humalizia kwa Sherlock Holmes: kiko kile kile, rafiki wa pembeni (Najum) yule yule. Sawa, lakini naona hapo tunapita juu juu. Kinachonivutia ni swali la nini hasa kinaitwa maelezo mepesi. Maana ukihesabu maneno, hakuna jepesi kuliko “jini kamuua”. Maneno mawili, kesi imefungwa! Bwana Msa yeye anatumia kitabu kizima.

Gharama haiko kwenye maneno. William wa Ockham, mtawa Mwingereza wa karne ya 14, anakumbukwa kwa ule “wembe” wake: usiongeze vitu pasipo haja. Jini linataka uongeze kiumbe, hasira yake, uwezo wa kuua, na sababu ya kuacha alama zinazofanana kabisa na za binadamu. Muuaji wa kawaida hataki uongeze kitu. Watu tunao, tamaa tunayo.

Tena mwezi unaweza kukosea. Baada ya wiki mbili giza linarudi. Dagaa wasiporudi nalo, basi tuwarudie madalali, na huenda kweli wana la kujibu. Jini halikosei hata siku moja. Dagaa wakija limeridhika, wasipokuja limekasirika. Mimi jibu lisiloweza kukosea hunitia shaka kuliko mengine yote.

Na si mchezo wa wasomaji wa riwaya huu. Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, eti wachawi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng’ombe, unategemea macho yake yawe na rangi gani?

Sasa lawama yangu kwa Abdulla. Ukifika mwisho wa hadithi zake, hasa *Duniani Kuna Watu* (1973), unahitaji karatasi na kalamu: watoto wasiojulikana, nasaba zilizofichwa, undugu unaofumuka dakika ya mwisho. Kuna msomaji atakayesema kafukuza jini mlangoni kaingiza maajabu dirishani. Namtetea nusu. Uzazi wa siri tunaujua, kila mtaa unao. Ila ukirundika sadfa tano mahali pamoja, kila moja ikiwezekana peke yake, hesabu yake inaanza kufanana na ya jini. *Mzimu* haikuhitaji mrundiko huo, ndiyo maana bado naiweka juu ya ndugu zake.

Kinachonikera ni jinsi tunavyozifundisha. “Dhamira: ushirikina, mapenzi, tamaa ya mali.” Orodha, alama, basi. Njia ya Bwana Msa ya kufikiri haitajwi. Mie ningefunga kitabu kabla ya sura ya mwisho, nikawaambia wanafunzi waandike muuaji ni nani, na kila jambo jipya wanalolazimika kulibuni ili jibu lisimame, nawakata alama moja.