Mkono Uliochora Lebo

Mama anayetengeneza siagi ya karanga humtumia mbunifu nembo yake kwa WhatsApp: picha iliyopigwa juu ya meza, imefifia, ukingo mmoja umekatika. Kazi huanzia hapo. Mbunifu huichora upya mstari kwa mstari ili itoke safi kwenye kopo dogo na kwenye bango la ukutani. Huacha milimita 3 za ziada pembezoni, maana karatasi husogea chini ya kisu. Huzigeuza rangi za kioo cha simu ziwe za wino wa aina 4, kisha huenda mwenyewe kwa mchapaji Kariakoo kukagua nakala ya kwanza, kwa sababu nyekundu ikitoka kahawia, hasara ni ya mama yule. Kwa ajili ya lebo, huuliza pia uzito, viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi.

Mabango ya kuchangia damu baadhi ya wabunifu huyafanya bure, usiku, na bado herufi hupimwa zisomeke kutoka ndani ya daladala. Majina yao hayamo kwenye kazi hizo. Basi tuwalipe kianzio kabla hawajawasha kompyuta, na marekebisho ya mara ya saba tuyahesabu kuwa kazi.