Kujaribu si Kushawishi

Mama mmoja wa Mulekera, aliyefiwa na mwanawe, alituuliza: "Mwalimu, Mungu hujaribu watu au hajaribu?" Swali lake ni la haki. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, Mungu anamjaribu Abrahamu (Mwanzo 22). Lakini kwa Yakobo 1:13 hamjaribu mtu. Kigiriki hutumia kitenzi kimoja, peirazein, chenye maana zote mbili. Sisi tunayo maneno mawili! Mnunuzi wa kakao hupasua mbegu aone ndani: huko ni kujaribu. Anayemnong'oneza mkulima achanganye mbegu mbichi, huyo anashawishi. Kwa Yakobo watafsiri wangeandika "hamshawishi". Sala yetu ya Baba Yetu imechagua vema: kishawishi. Ila msiba wa mama yule hatukuthubutu kuuita kwa neno lolote kati ya hayo.