Kona Moja, Mara Elfu

Mazoezi yakiisha, kocha mzuri wa skii haangalii saa kwanza. Hushuka taratibu akikagua alama zilizobaki juu ya theluji. Mtoto anayeburuta miguu huacha alama pana iliyovurugika, na theluji imesukumwa pembeni. Aliyekata kona sawasawa huacha mistari myembamba, kwa sababu mkia wa skii umepita palepale ilipopita ncha. Skii inayoburuzwa upande ni breki, na katika mchezo unaopimwa kwa sehemu za mia za sekunde, breki hizo ndogondogo hujumlika kona hadi kona mpaka chini.

Kukata kona namna hiyo hakutegemei nguvu za mabavu. Skii imetengenezwa nyembamba katikati, pana mwanzoni na mwishoni. Ukiilaza kwenye ukingo wake wa chuma na kuikandamiza, hupinda kama upinde na kukupeleka yenyewe. Shida ni kwamba mwili hautaki. Mteremko ukiwa mkali, mtu hujivuta nyuma kuelekea mlimani, kumbe usalama wake uko mbele, uzito ukiwa juu ya skii ya nje, kifua kikitazama bondeni kunakotisha. Mtoto hujifunza kwa muda mrefu kukubali jambo ambalo silika yake inalikataa.

Warren Witherell alijenga maisha yake juu ya kona hiyo. Mwaka 1970 alianzisha Burke Mountain Academy huko Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, shule ambamo vijana wangesoma na kufanya mazoezi ya skii mahali pamoja. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi washindani wanavyokata kona safi bila kuburuza. Miongo kadhaa baadaye shule hiyo ilimpokea binti aliyelichukulia somo hilo kwa uzito kuliko karibu kila mtu.

Binti huyo, Mikaela Shiffrin, alizaliwa Vail, Colorado, mwaka 1995. Baba yake alikuwa daktari wa usingizi, mama yake muuguzi, na wote wawili waliwahi kushindana katika skii. Wengi wangedhani wazazi wa aina hiyo wangemzungusha mtoto kila mashindano ya jimbo. Wao walipendelea mazoezi, na hesabu ya jambo hilo ni nyepesi. Siku ya mashindano mtoto huamka alfajiri, husafiri, hungoja kwenye baridi, kisha huteleza mara mbili, kila mara kwa muda usiofika dakika moja pengine. Akibaki kwenye kilima cha nyumbani siku hiyohiyo, hupanda na kushuka mpaka miguu ikatae, na kila akishuka hupita malango, yaani miti iliyochomekwa kuonyesha njia, kwa makumi. Medali za plastiki zitakosekana kabatini, lakini kona zitakuwa zimeingia mwilini. Nyumbani alijizoeza baiskeli ya gurudumu moja na kurusha mipira hewani akiidaka kwa zamu, ili kusawazisha mwili na kuzoeza macho.

Kilima chenyewe si lazima kiwe kikubwa, na nadhani hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi. Buck Hill, kule Minnesota, hakifiki mita 100 kutoka juu hadi chini. Mgeni anayekipita kwa gari anaweza asikitambue kuwa ni mahali pa skii. Hapo ndipo Erich Sailer, kocha mzaliwa wa Austria, alipowafundisha watoto wa mjini, na mmoja wao alikuwa Lindsey Vonn, ambaye baadaye alishinda mbio zaidi ya 80 za Kombe la Dunia. Ingemar Stenmark, Msweden aliyeshinda 86, alitoka Tärnaby, kijiji kidogo cha kaskazini. Kilima kifupi hakimpi mtoto nafasi ya kulewa kasi. Anafika chini upesi, anapanda tena, na kosa alilolifanya sasa hivi bado liko kwenye misuli yake.

Kisha kuna kazi ya jioni, ambayo watazamaji hawaioni. Skii hubanwa kwenye jiliwa, kingo zake zikanolewa kwa tupa, kisha zikalainishwa kwa kinoo cha almasi. Pembe ya ukingo huhesabiwa kwa digrii, na tofauti ya nusu digrii huhisika chini ya mguu. Nta huyeyushwa kwa pasi, hupakwa, huachwa ipoe, hukwanguliwa, kisha hupigwa brashi, kwa kuwa theluji ya baridi kali na theluji yenye unyevu hazipendi nta moja. Wanariadha wakubwa wana fundi wao wa kazi hii. Kijana anayeanza huifanya mwenyewe au na mzazi wake, na nawaheshimu sana wale wanaoifanya vizuri baada ya siku nzima ya kuteleza. Njia ya mashindano makubwa humwagiwa maji ili igande iwe ngumu, na juu ya barafu kama hiyo ukingo butu haushiki kitu.

Asubuhi ya mbio kuna ukaguzi. Washindani hushuka pembeni mwa malango polepole, bila kuruhusiwa kuyapita kwa kasi. Wanahesabu, wanatafuta mahali ambapo mwandaaji wa njia ameficha mtego: lango lililosogezwa kidogo, au kona inayokuja nyuma ya tuta. Baadaye utawaona juu wamefumba macho, viganja vikienda kulia na kushoto, wakiiteleza njia nzima kichwani. Katika slalomu, mbio za kona za karibukaribu, hawaruhusiwi mazoezi juu ya njia yenyewe, na mzunguko wa pili huwekewa njia mpya.

Ngazi ya kupanda ni kali. Katika mbio za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, pointi zikiwa chache ndivyo unavyokuwa bora, na mwenye pointi nyingi huanza nyuma. Akifika zamu yake, waliomtangulia wamekwisha chimba mifereji kwenye kila kona. Hivyo asiye na jina hupewa njia mbaya kuliko mabingwa, na ni lazima aikate vizuri ili siku nyingine apewe iliyo nzuri. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyehamia Austria akiwa na miaka mitatu, aliipanda ngazi hiyo na kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Katika mbio za super-G alizoshiriki, Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech alianza wa 26, wakati wengi walidhani medali zimekwisha gawanywa, akashinda kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Mambo kama hayo hutokea. Huwezi kuyapangia maisha.

Shiffrin alishiriki Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza Machi 2011, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 16. Mwaka uliofuata, Desemba, alishinda slalomu ya Åre, Sweden. Mwaka 2023 aliipita rekodi ya Stenmark palepale Åre, na Februari 2025, huko Sestriere, Italia, akafikisha ushindi wa 100. Katikati ya hayo kuna Olimpiki ya Beijing 2022, ambako alitoka njiani sekunde chache baada ya kuanza, katika slalomu kubwa na tena katika slalomu, akaketi kando ya njia mbele ya kamera za dunia nzima. Kona elfu hazimlindi mtu dhidi ya kona moja.

Lakini nikitaka kumwonyesha mtu thamani ya mazoezi yale ya kusawazisha mwili, nitamwonyesha Olimpiki ya Sochi, Februari 2014. Shiffrin, mwenye miaka 18, yuko mzunguko wa pili wa slalomu na anaongoza. Katikati ya njia skii moja inainuka hewani, mwili unaegemea nyuma, na kwa muda mfupi anaonekana ameanguka tayari. Hapigi kelele, hasimami. Anabaki juu ya mguu mmoja, anaurudisha wa pili chini, na lango linalofuata analipita akiwa amekaa sawa. Alimshinda Marlies Schild wa Austria kwa sekunde 0.53.