Usisifu Dari ya Gari Kabla ya Jua la Saa Nane

Kuna kijana mtaani kwetu Magomeni amevalisha dari ya gari lake mwenyewe, barazani kwao, na tangu Jumapili watu hawaishi kuchungulia. Wanaingiza kichwa dirishani, wanatazama juu, wanasema, "Hapa umeua!" Nami niliingia, nikakaa kiti cha dereva, nikapeleka kidole nyuma ya kizuia jua, nikatoka kimya kwa heshima ya mama yake aliyekuwa amesimama karibu. Kijana ni mchapakazi, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wanaosifu, maana wao ndio wanaomfundisha kwamba dari isiyoning'inia imekamilika. Hakuna dari inayoning'inia siku ya kwanza.

Asiyejua kwa nini dari ya kiwandani ilianguka hana uwezo wa kuihukumu iliyowekwa badala yake. Wengi wanalaumu gundi. Bandua uone: gundi mara nyingi bado imeng'ang'ania ubao. Kilichokufa ni sponji. Kitambaa cha dari huja na sponji yake mgongoni, unene wa milimita 3 hadi 5, na joto pamoja na unyevu huila sponji hiyo polepole mpaka inageuka unga. Kitambaa kizima, ubao mzima, katikati hakuna kitu. Ndiyo maana hapa pwani utayakuta magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yakitembea na pini darini. Magari mengi ya kawaida kutoka Japani yamesalimika, kwa kuwa dari zao ni nyuzi zilizoshindiliwa moja kwa moja kwenye ubao, hazina sponji ya kuoza. Hizo zikichafuka husafishwa. Fundi anayekushauri uvalishe upya dari ya namna hiyo ikiwa nzima anataka hela yako.

Kwa hiyo aliyevalisha nyumbani namuuliza kwanza: ule unga uliupeleka wapi? Ubao husuguliwa kwa brashi ngumu ya nailoni mpaka kiganja kikipita kisitoke na chembe. Brashi ya waya hapana, inachuna uso wa ubao. Ni kazi ya asubuhi nzima, inachafua, inawasha mikono, na lazima ufunge pua na mdomo. Aliyeanza saa mbili na kumaliza dari yote kabla ya adhuhuri hakusugua, hata akiapa. Gundi mpya ikipulizwa juu ya unga itaushika unga, na unga wenyewe haujashika chochote.

Namuuliza pia ubao ulitokaje garini. Ule ni kipande kimoja, kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma. Kwenye wagoni hutolewa kwa mlango wa nyuma. Kwenye saluni hupitishwa mlango wa mbele wa abiria, kiti kimelazwa kabisa, watu wawili, bila haraka. Kulikuwa na gereji moja iliyopata jina kwa kuvalisha dari kwa saa chache, watu wakaisifu sana. Siri yao niliijua siku nilipofungua gari lililopitia kwao: ubao walikuwa wameukunja ili utoke. Ulipasuka nyuma ya taa ya ndani, wakauunga kwa utepe, kitambaa kikafunika aibu. Ukitaka kuwanasa watu wa aina hiyo, kaa kiti cha nyuma jioni, jua likiingia kwa ubavu, utazame mbele. Utauona mstari umekata dari toka mlango hadi mlango, mwembamba, ambao mchana haukuonekana kabisa.

Hayo hata mwanafunzi atayashika akiambiwa. Kinachowapita wanaojaribu nyumbani, kila mara, ni mbonyeo.

Utazame ubao ukiwa mtupu, umelazwa mezani. Si bapa. Nyuma ya kila kizuia jua umebonyea ili kizuia jua kipate pa kulala. Kuzunguka taa ya ndani unazama. Juu ya vishikio vya milango unaingia ndani kisha unapinda ghafla kufuata nguzo. Mgeni wa kazi anatandika kitambaa juu ya ubao huo, anakivuta pande zote kinyooke, anabana kingo, halafu anarudi na kiganja kukisukumia kwenye mibonyeo. Kitambaa kinaingia, kwa sababu sponji inanyumbuka na gundi bado mbichi. Kinapendeza. Anapiga picha, majirani wanaitwa.

Alichofanya ni kukigandisha kitambaa kikiwa kimevutwa. Pale kwenye mbonyeo kinataka kurudi kilikotoka, usiku na mchana, na kinachokizuia ni utando mwembamba wa sponji uliogusana na gundi. Hauachii siku hiyo. Unangoja gari liegeshwe juani, gundi ilegee kidogo, ndipo panainuka lengelenge la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Baada ya muda ni upana wa kiganja. Likija joto la Januari, kitambaa kimeshapita juu kwa juu, ukingo hadi ukingo, na mbonyeo umebaki na hewa tupu. Mwenye gari anarudi dukani kugombana na muuza gundi.

Fundi wa kweli anaanzia chini. Anakunja nusu ya kitambaa, anapuliza gundi ubaoni na kwenye sponji, anangoja, kisha anakilaza kikiwa kimelegea, na mahali pa kwanza kugusana ni chini kabisa mwa mbonyeo. Hapo hutumia ncha za vidole na havuti hata kidogo. Akishapatuliza anapanda kwenye mteremko wake, anatoka uwandani kwa kiganja, na ukingo anaumalizia. Halafu nusu ya pili. Kazi hiyo inakula kitambaa kuliko unavyodhani. Anayepima kwa kamba iliyonyooshwa juu ya ubao atakata kifupi na atalazimika kuvuta. Kamba inapaswa kushuka kila mbonyeo na kupanda tena, kisha uongeze sentimita 5 kila upande. Kosa la kuvuta mara nyingi lilianzia kwenye mkasi.

Kukagua hakuhitaji kifaa. Teremsha kizuia jua, weka mgongo wa kidole pale kilipolala, bonyeza taratibu. Dari nzuri hukupa ulaini wa sponji na papo hapo ugumu wa ubao. Dari mbovu hukupa kitambaa, kisha hewa, kisha ubao. Fanya hivyo kuzunguka taa na juu ya kila kishikio, na ufanye saa nane mchana gari likiwa limeshinda juani. Asubuhi, gundi ikiwa baridi, dari karibu zote husema uongo.

Mtaani Gerezani palikuwa na fundi mzee asiyekubali kukabidhi gari siku aliyolimaliza. Mteja wake mmoja, kijana mwenye haraka, alimwuliza mbele yangu, "Mzee, si imekwisha hii?" Akamjibu, "Imekwisha kuvalishwa, mwanangu. Jua bado halijaikagua." Gari lililala pale. Kesho yake lilikaa uwanjani vioo vimefungwa, na saa nane mzee akaingia na vidole vyake, mbonyeo mmoja baada ya mwingine, jasho linamtiririka. Pale nyuma ya kizuia jua cha abiria akasikia kitu ambacho mimi sikukisikia nilipojaribu. Akabandua upande ule wote na kuurudia, na hakudai hela ya ziada.

Mzee yule alijifunzia kwenye Volkswagen Beetle, na kwangu hiyo ndiyo shule iliyokuwa na maana. Dari zile hazikuwa na ubao wala sponji. Unashona mifuko mirefu mgongoni mwa kitambaa, unapitisha vyuma vya upinde, unatundika, unatoa kioo cha mbele na cha nyuma ili ushikishe kingo kwenye fremu, kisha unavuta kidogo huku na kidogo kule mpaka mikunjo yote iishe. Ukikosea mshono mmoja, mkunjo unasimama katikati ya gari na hakuna pa kuuficha. Waliopita hapo walikuwa na mikono inayojua kitambaa kinataka nini. Siku hizi watu wananunua gundi kabla hawajagusa kitambaa.

Gundi yenyewe: ile ya kopo wanayotumia washona viatu haifai. Nyingi za aina hiyo hulegea joto likikaribia nyuzi 60, na chini ya bati la gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam joto hupita hapo. Taka iliyotengenezwa kwa dari, inayohimili zaidi ya nyuzi 70, uipulize nyembamba mara mbili, mara ya pili ikikatiza ya kwanza. Ngoja mpaka ukiigusa kwa kidole inashika lakini haifuati kidole. Asiye na subira hubandika ikiwa majimaji, ikapenya sponji na kutokeza mbele kama doa la mafuta. Doa hilo halitoki. Na kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko. Mvuke wa gundi unashika moto.

Kitambaa kiwe cha dari, chenye sponji yake. Kitambaa cha pazia cha Mtaa wa Uhuru, hata kiwe kizuri vipi, kitaonyesha kila kovu la ubao. Mlazo wa nyuzi uelekee nyuma: kiganja kikitoka kioo cha mbele kwenda nyuma kiteleze, kikirudi kikwame kidogo. Rangi iwe hafifu kuliko viti, kijivu au maziwa. Dari nyeusi inabana gari na inaficha kazi mbaya, na kwa sababu hiyo siihesabu. Mishono ya almasi ibaki kwenye viti. Taa za nyota hazina nafasi kabisa: kila nyota ni tundu ubaoni, na ubao uliotobolewa mara mia hauwezi kuitwa mzima.

Kingo zipinde sentimita 2 au 3 mgongoni mwa ubao na zishikwe huko. Zikikatwa sawasawa na ukingo, raba ya mlango itazificha mwezi mmoja tu.

Mwisho, fungua milango utazame nguzo. Gari likiwa na eabegi za pazia, zimelala pale ukingoni mwa dari, na zinahitaji njia ya kutokea. Aliyefanya kazi vizuri alichomoa betri na kungoja dakika kadhaa kabla ya kugusa plastiki za nguzo, akazirudisha kwa klipu zake, mpya pale za zamani zilipovunjika. Ukiona plastiki imebandikwa kwa gundi, au ukingo wa dari umegandishwa kwenye bati ili usitikisike, mwambie mwenye gari asimpakie mtu mpaka kazi ile ifumuliwe, hata kama mibonyeo yote imetulia.