Mteremko Ndio Humtoa Majeruhi

Ukimtazama kijana anayeleta mkaa Songea mjini kwa baiskeli, utaona mpandoni anasukuma, na mteremko ukiwa mkali vilevile hapandi. Anatembea ubavuni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gunia, mwili kaulaza nyuma ili mzigo usimvute. Anazijua breki zake. Hesabu ya namna hiyo ndiyo tunayoiruka tunaposimulia habari za wanamichezo walioumia na bado wakamaliza. Tunakimbilia kusifu moyo, tunasahau kuuliza ni kiungo gani kiliumia na kilikuwa na kazi gani.

Mfano wetu wa siku zote ni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico, alianguka zikiwa zimepita kama kilometa 19, goti likateguka, bega likaumia. Alifungwa bandeji akaendelea, akamaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa mwisho kati ya 57 waliofika. Goti la mkimbiaji halina pa kujificha, maana kila hatua uzito wote unatua juu yake.

Baiskeli ina huruma kidogo: siti inabeba sehemu kubwa ya uzito. Geraint Thomas wa Wales alianguka siku ya kwanza ya Tour de France ya 2013, nyonga ikapata ufa, na bado akamaliza wiki tatu, nafasi ya 140. Uchungu wake ulikuwa kupanda baiskeli, kuondoka kwa kasi na kusimama juu ya pedeli. Akishakaa na kupata mwendo, lami laini na msafara wa wenzake uliokata upepo vilimsaidia kufika. Sidhani angemaliza na jeraha lile lile kwenye njia ya mawe.

Mbio za baiskeli za milimani zinaifuta huruma hiyo. Cape Epic ya Afrika Kusini, iliyoanza 2004, ni siku nane za wawili wawili, na mwenzako haruhusiwi kukuacha zaidi ya dakika mbili. Mpando hapo unavumilika ukiwa na nyonga mbovu: gia nyepesi, kukaa, kupumua. Kushuka ndiko kunakoua, kwa sababu unashuka umesimama juu ya pedeli, magoti na viwiko vimekunjwa kufanya kazi ya shokapu, vidole viko kwenye breki muda wote. Tuseme njia ingetoka Songea, ikapanda Umatengo kupitia Mbinga, kisha ikaporomoka kwa njia za mashambani hadi Mbamba Bay, kwenye ziwa ambalo mwinuko wake haufiki meta 500 juu ya usawa wa bahari. Aliyeteguka kifundo cha mguu anaweza kuiona Mbinga. Aliyeumia mkono ataishia juu ya mteremko.

Na mkono ndio unaodanganya. Mpanda baiskeli akianguka hutanguliza kiganja, na kuna kijifupa chini ya kidole gumba ambacho kikivunjika huuma kama mteguko wa kawaida. Damu hukifikia kwa shida, hivyo kikipuuzwa huenda kisiunge kabisa. Mtu anafunga bandeji, anapunguza upepo wa tairi ili mtikisiko upungue, anaendelea siku nne, na gharama anailipa mwakani.

Dawa za maumivu nazo zina mipaka. Tramadol ilipigwa marufuku katika mbio za baiskeli tangu Machi 2019, na tangu Januari 2024 katika michezo yote wakati wa mashindano. Ibuprofen inaruhusiwa, ila kwa mwili uliokauka maji inazielemea figo. Aliyegonga kichwa asiguse chochote, atoke.

Kwa waliobaki, kipimo changu ni cha asubuhi, kabla ya chai: simama juu ya pedeli, teremka kijilima kimoja, kamata breki zote mbili kwa nguvu. Mkono ukiachia, mwambie mwenzako mapema, akatafute namna ya kuendelea bila wewe kabla hamjafika mlimani.