Kulizuia Jua Kabla Halijafika Kwenye Kioo: Uchambuzi wa Mapazia ya Nje katika Fleti za London

Pazia la ndani, hata liwe zito na jeupe kiasi gani, huanza kazi yake wakati joto limekwisha kuingia chumbani. Nguvu ya jua hufika kwa mawimbi mafupi ambayo kioo huyapitisha, lakini pazia, sakafu na samani zikishapata moto huitoa nguvu hiyo kwa mawimbi marefu ambayo kioo hakiyapitishi, na sehemu kubwa ya joto hilo hubaki ndani. Mapazia ya nje ya vibao, yaani vibao vyembamba vya alumini vinavyoning'inia mbele ya dirisha na ambavyo mota huweza kuviinamisha, kuvishusha au kuvikusanya juu, huukata mnururisho kabla haujafika kwenye kioo. Tofauti hiyo huonyeshwa na kipimo cha g, ambacho ni sehemu ya nguvu ya jua inayoingia chumbani ikilinganishwa na ile iliyolipiga dirisha: dirisha la vioo viwili vya kawaida huwa na g ya takriban 0.75, na likiwekewa vibao vya nje vilivyoinamishwa kwa nyuzi 45, kipimo hicho hushuka hadi karibu 0.2.

Nchini England jambo hili liliingia katika sheria tarehe 15 Juni 2022, pale Sehemu O ya Kanuni za Ujenzi, inayohusu nyumba mpya za makazi kupata joto la kupita kiasi, ilipoanza kutumika. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 19 Julai, kituo cha hali ya hewa cha Coningsby kilirekodi nyuzi 40.3 za Selsiasi, joto ambalo nchi hiyo haikuwa imewahi kulirekodi. Mwongozo wa kanuni hiyo unaeleza wazi kwamba mapazia ya ndani hayahesabiwi katika kuthibitisha kuwa jengo limetimiza sharti. Msanifu anayethibitisha kwa hesabu za kompyuta hufuata utaratibu wa TM59, uliotolewa mwaka 2017 na CIBSE, chama cha kitaaluma cha wahandisi wa huduma za majengo, ambao hauruhusu joto la chumba cha kulala kuzidi nyuzi 26 kwa zaidi ya asilimia 1 ya saa zote za mwaka zilizo kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi, yaani saa 32 tu. Kwa kigezo kikali namna hiyo, joto lililoingia jioni kupitia dirisha la magharibi ndilo linaloangusha fleti nzima usiku.

Kwa sababu hiyo, kuandika aina moja ya kinga kwa pande zote za jengo ni kosa. Ukuta wa London unaotazama kusini hupata jua la adhuhuri ya Juni likiwa nyuzi 62 juu ya upeo wa macho, na kingio lisilosogea, linalochomoza juu ya dirisha, linatosha kulikata. Ukuta wa magharibi hauna bahati hiyo. Vibao vyenye upana wa milimita 80, vikipangwa kwa nafasi ya milimita 72 na kuachwa vimelala mlalo, huzuia jua lolote lililo juu ya nyuzi 42 na bado mkaaji huona nje. Lakini saa 12 jioni mwishoni mwa Juni jua limeshuka hadi nyuzi 28 hivi, na ukingo wa nje wa kibao sharti uinamishwe kwa takriban nyuzi 25 ili kulizuia. Saa 2 usiku, ambapo London jua bado halijazama, mwinamo unaotakiwa hupita nyuzi 50 na mandhari karibu yote hutoweka. Hakuna mwinamo mmoja unaofaa jioni nzima, na hapo ndipo gharama ya mota inapopata uhalali wake. Jiometria hiyo inahusu pia Dar es Salaam, ambako jua la adhuhuri halishuki chini ya karibu nyuzi 60 mwaka mzima na kingio fupi hulinda kuta za kaskazini na kusini, ilhali kuta za mashariki na magharibi hubaki wazi kwa jua la chini la asubuhi na jioni.

Suala zito kuliko yote, na ambalo hati za zabuni hulipita kwa sentensi moja, ni upepo. Msukumo wa upepo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake, kiasi kwamba upepo wa mita 10 kwa sekunde husukuma kwa takriban paskali 61 na ule wa mita 20 kwa sekunde kwa takriban paskali 245, nao hukipiga kibao ambacho unene wake haufiki hata nusu milimita. Kiwango cha Ulaya cha EN 13659 hupanga uhimilivu wa mapazia dhidi ya upepo kwa madaraja kuanzia 0 hadi 6, na mapazia yanayoongozwa na reli za pembeni kwa kawaida huhimili upepo mkali kuliko yanayoongozwa na nyaya za chuma zilizokazwa. Hata hivyo, daraja hilo halimalizi kazi, kwa kuwa kihisi cha upepo huyapandisha mapazia yote kasi iliyowekwa inapofikiwa, na siku yenye jua kali na upepo mkali kwa pamoja jengo hubaki bila kinga yoyote. Ikiwa hesabu ya TM59 ilichukulia kwamba mapazia hushuka kila jua linapowaka, hesabu hiyo si ya jengo litakalojengwa. Hati iliyo kamili hutaja kasi ya kupandisha, muda wa kusubiri kabla ya kuyashusha tena na mahali pa vihisi, kwa kuwa pembe za jengo refu hupata upepo usiolingana na wa katikati ya ukuta. Kisha saa ambazo upepo unazidi kasi hiyo huondolewa katika hesabu ya joto kwa kutumia takwimu zilezile za hali ya hewa.

Yanayobaki ni ya michoro zaidi kuliko hesabu. Madirisha mengi ya England yamezoeleka kufunguka kwa nje, na bawa la namna hiyo hugonga vibao. Kwa hiyo uamuzi wa kuweka mapazia ni uamuzi wa kutumia madirisha yanayofunguka kwa ndani, na lazima utangulie kuagizwa kwa madirisha. Vibao vilivyokusanywa juu huhitaji kisanduku ndani ya ukuta, na nyuma yake kihami joto kisikatike. Tangu tarehe 21 Desemba 2018 vifaa vya kuzuia jua vinavyofungwa kwenye kuta za nje za majengo ya makazi yenye kimo cha mita 18 na zaidi vimo katika katazo la vitu vinavyoshika moto, jambo linaloipa alumini nafasi nzuri kuliko turubai.

Mota nayo itaharibika siku moja, na kama haifikiki kupitia dirishani, fundi atahitaji jukwaa la kuning'inia kwa ajili ya fleti moja. Mhandisi anayeletewa hati isiyotaja kasi ya upepo ya kupandisha mapazia, uelekeo wa kufunguka kwa madirisha na njia ya kuifikia mota, airudishe kwa msanifu kabla haijatoka kwenda kwa wazabuni.